Mama Kalunde Amelidai Jina Lake

Kwihara, Jumapili jioni. Mvua imenyesha alfajiri na mgongo unaniuma kwa kulima, lakini sina budi niandike, maana leo nina furaha, na furaha imekuwa mgeni katika nyumba hii.

Acha nianze na aibu yangu.

Binti yetu Kalunde alifariki kwa homa mwaka jana, akiwa na miaka sita, tukiwa njiani kumpeleka hospitali ya boma. Matanga yalipokwisha nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaomba majirani wasimwite tena mke wangu Mama Kalunde. Hatuna mtoto mwingine. Niliona kila atakayemwita hivyo atamtonesha kidonda. Wakanielewa, wakaanza kumwita Mama Mwalimu. Nikajiona mume mwenye busara.

Mbali na kufundisha shule huandika hadithi, nazo hutoka katika gazeti la serikali ya Mwingereza. Nawapa majina watu ambao hawajawahi kuishi. Wangu niliyemzaa nikamfuta midomoni mwa kijiji kizima.

Mke wangu hakulalamika. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za kulimia, sauti yake ikisikika mpaka njia ile waliyopita babu zetu wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Mwaka mzima hakuimba. Nami sikuandika hata ukurasa mmoja.

Jana ilikuwa zamu ya shamba letu. Majirani walikuja na majembe, ngoma ikawekwa, tukajipanga mstari. Bibi Nyamizi, jirani yetu mzee, akamwambia mke wangu kwa upole atuanzishie wimbo. Akamwita Mama Mwalimu, kama nilivyomwagiza.

Mke wangu akaegemea jembe.

"Huyo simjui, bibi," alisema. "Kalunde nilimzaa mimi, na wewe ndiye mkunga uliyempokea. Kufa amekufa, lakini alizaliwa. Mimi ni Mama Kalunde."

Nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa nilijua macho ya watu yanamtafuta nani.

Bibi Nyamizi alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Tusamehe, Mama Kalunde. Tuanzishie."

Akaanzisha.

Ulikuwa wimbo wetu wa siku zote, ila katikati akamtia mwanawe: jinsi alivyokuwa akiiba karanga za mbegu, kisha anakana huku mdomo umejaa. Watu walicheka, wakaitikia, majembe yakapanda na kushuka, na kabla jua halijawa kali shamba lilikuwa limekwisha. Nililia huku nikilima. Sioni haya kuliandika hilo.

Leo tulichelewa kanisani, mimi nisiyemvumilia mwanafunzi achelewe hata kidogo. Kila tuliyekutana naye alimwamkia kwa jina lake, naye alisimama kumjibu kila mmoja, hana haraka. Mlangoni nilimshika mkono.

"Mama Kalunde, nilikukosea."

Akatabasamu, tabasamu kamili, meno yote nje.

"Ingia, Baba Kalunde," akasema. "Wimbo wa kwanza umeshaanza."

Mwaka mzima hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa nimewanyang'anya watu jina lake, kumbe nimejinyang'anya na langu.

Kesho jioni shule ikifungwa nitaandika hadithi, na chini yake nitatia jina hilo.