Majina Mawili kwenye Bahasha

Mpendwa Aline,

Nakusalimu sana kutoka huku mtaani Umbilo. Sisi wazima, Neema siku hizi anakimbia. Umeuliza kwa nini nataka uandike majina yangu mawili kwenye bahasha.

Posta yetu inakuja siku inayotaka. Barua ya hospitali, ya tarehe ya Neema kupasuliwa mguu, ilifika nikiwa kazini. Jirani wa ghorofa ya chini, Baba Chance, akamrudishia mtu wa posta: "Josiane? Huyo hatumjui." Wote walinijua kama Mama Neema tu. Nikaomba hospitali itume tena, kisha nikagonga kila mlango nikajitambulisha. Baba Chance akacheka, "Eish, Mama Neema, kumbe uko na jina?"

Ile ya pili ilipandishwa ngazi na majirani watatu, kila mmoja akitaka yeye ndiye anikabidhi. Wewe tuma tu, itafika.

Shangazi yako,
Josiane, Mama Neema