Kaka Benno, Gari Nimelichagua Bila Wewe

Kaka Benno,

Gari nimenunua. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kwanza, kabla hata ya hali ya Mama. Mama hajambo. Moyo wake unakwenda na dawa, na mwezi uliopita nilimpeleka kliniki Mbinga mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani. Lakini mpaka kufika hapo yametokea mambo, na mengine yanakuhusu wewe. Barua hii nimeianza mara tatu nikiwa na hasira na wewe, nikaichana. Hii ya nne nadhani nitaimaliza.

Unaikumbuka ile Pasaka ya mwisho? Tulikaa nyuma ya nyumba pale Kihagara, Mama anageuza samaki aina ya mbasa kwenye makaa, wewe unachora mchangani kwa kijiti. Nilikuuliza ninunue gari gani dogo, nawe ukachora gari lile lile mara tatu, toleo la kwanza, la pili na la tatu. Ulisema hao ni ndugu watatu, jina moja, tabia mbalimbali. La kwanza, lenye taa za pembe nne na gia za mkono, ukasema ni jembe, halina ujanja wala siri. La tatu ukalicheka: "Hiyo ni kompyuta yenye matairi, Yustina. Likikuzimikia Kingerikiti utamwita nani?" Kidole chako kikabaki kwenye la katikati. "Hili ndilo. Linapanda mlima na vipuri vyake vimejaa Mbinga nzima." Halafu ukaniambia nisinunue bila wewe, kwamba utakuja kulilalia chini mwenyewe ndipo nitoe hela.

Haikupita miezi miwili ukaanguka gereji na spana mkononi. Mshipa ulipasuka kichwani, wakasema. Nilifika hospitali ukiwa bado unapumua lakini hunijibu.

Baada ya mazishi nilisahau habari za magari. Nilirudi shuleni nikafundisha kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. Kilichonizindua ni Mama. Siku ya kliniki tulimpandisha bodaboda kama kawaida, na kabla hawajafika Mbamba Bay akazimia njiani. Kijana wa watu alisimamisha pikipiki, akafungua kitenge cha Mama na kumfunga mgongoni kwake kama mtoto, akaendesha hivyo mpaka zahanati. Niliwakuta pale, fundo la kitenge limemkaza yule kijana kifuani, anaogopa kulifungua asije akamwangusha. Siku hiyo nikasema gari linanunuliwa, Benno awepo asiwepo.

Mume wangu Festo alitaka jipya kabisa, ambalo halijaketiwa na mtu. Anasema kitu cha mtumba unanunua na dhambi za mwenzako. Nilimwambia jipya tutaliona kwenye picha tu, akakubali kwa shingo upande. Kwa hiyo yakabaki ya mkononi mwa watu.

Nilianza kijiji cha Ukata, kwa katekista mmoja mstaafu aliyekuwa anauza toleo la kwanza. Mzee yule alinipokea vizuri, na nilipomaliza kumwamkia tu akanikunjulia mkeka wa miguuni, akasema, "Mwalimu, kabla hujalipenda, tazama hapa." Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Ukiinama unaona majani ya chini. Alinionyesha pia mkanda wa kiti cha nyuma, haufungi. Nilitamani kulinunua kwa ajili ya ukweli wake tu. Lakini nilimfikiria Mama kwenye kiti kile, tunashuka milima, nikashukuru nikaondoka.

Ndipo nikaambiwa la kati lipo kwa Bwana Kapinga, pale Mbinga mjini. Jeupe, namba D, yaani la usajili wa karibuni, linang'aa kama sahani ya harusi. Niliposhika mlango tu nilihisi umenichagulia wewe, sikufichi. Kapinga alisema halijawahi kugongwa, na kwamba yupo mtu wa Songea anakuja kesho asubuhi kulichukua, kwa hiyo niamue leo. Alipojua mimi ni mdogo wako, akakusifu sana. Nilitaka kulipa palepale.

Kilichonizuia ni neno lako mwenyewe. Ulizoea kusema gari halijaribiwi mjini. Nikamwambia Kapinga tushuke nalo barabara ya ziwani kidogo, halafu turudi. Hakupenda. Alisema mafuta machache, nikasema nitaweka mimi. Alisema ana mgeni, nikasema namsubiri. Mwishoni akaingia upande wa abiria akafunga mkanda. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa Mbinga akifunga mkanda bila kuona askari.

Kwenye tambarare lilikwenda kama maji. Kwenye mteremko wa kwanza nikasikia sauti nyuma ya viti, kitu kinalia polepole kila ninapokata kona. Nikamuuliza, akasema ni jeki. Kona ya pili nikakanyaga breki, na gari likavuta kulia, kuelekea bondeni. Nikarudisha usukani. Nikakanyaga tena, likavuta tena, na safari hii nilihisi mbele inakwenda kwake na nyuma inakwenda kwake, kama watu wawili waliobeba kitanda na kila mmoja anataka mlango wake. Mbele yetu lori lilikuwa linapanda. Kapinga alishika dashibodi kwa mikono miwili, akaanza kumtaja Bikira Maria.

Nikashusha gia, nikaachia breki, nikaibana tena kidogo kidogo kama ulivyonifundisha kwenye pikapu lako. Nikavuta handibreki polepole. Lori likatupita, dereva anapiga honi mfululizo. Tulisimama tairi la mbele likiwa kwenye rundo la kokoto za mafundi wa barabara. Nilizima injini.

Nilishuka, nikamwacha Kapinga na mkanda wake. Nilifungua mlango wa nyuma, nikang'oa kiti, nikafunua zulia. Wewe ulisema watu hupaka rangi panapoonekana. Pasipoonekana, kaka, palikuwa na mstari mmoja wa kuchomelea, umekata sakafu yote kutoka mlango mpaka mlango. Gari lile lilikuwa mawili.

Na mkono ule niliujua. Wewe ni mtu wa mkono wa kushoto. Kila unapomalizia kuchomelea, mwisho wake unarudi nyuma kidogo kama mkia. Geti la nyumbani liko hivyo, madirisha ya darasa langu yako hivyo, kitanda ninacholalia kiko hivyo. Nilipitisha kidole pale sakafuni nikaikuta mikia yako, mmoja baada ya mwingine.

Kapinga alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakukana. Alisema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo ni kazi ya marehemu. Ungemwamini nani zaidi yake?"

Sikurudi naye. Nilisimamisha gari la kwanza lililokuwa linapanda, nikaenda moja kwa moja gereji kwa Hyera, mwenzako. Alikuwa chini ya lori. Nilimwita, akatoka, akaniona uso, akajua. Alifuta mikono kwa muda mrefu sana. Akaniambia kwamba Kapinga aliwaletea magari mawili, moja limegongwa mbele, jingine nyuma, akataka yawe moja. Ulikataa. Akaja tena, ukakataa. Mara ya tatu ulikubali, na Hyera akataja wiki yenyewe. Ilikuwa ile Mama alipolazwa, ambayo sisi wote tulikupigia simu tukikuuliza dawa zitapatikana vipi, na wewe ukajibu tusiwe na wasiwasi.

Tukakushukuru, tukarudi kwenye shughuli zetu. Hakuna aliyekuuliza hela za dawa zimetoka wapi.

Hyera anasema ulimwapisha Kapinga kwamba gari litazunguka mjini tu, halitatoka, halitauzwa. Nilimuuliza kama ulikiamini kiapo kile. Akaniambia ulikiamini kwa sababu ulihitaji kukiamini. Kwa mwezi mzima kabla hujaanguka, anasema, ulikuwa ukipishana na gari lile barabarani unageuza uso.

Nililala kwa wifi, mke wako, bila kumwambia kitu. Kulipokucha nilikuwa nimebaki na mambo mawili tu. Ningenyamaza, mtu wa Songea angeondoka na gari, na jina lako lingebaki safi. Au ningesema. Nilikunywa chai yake, nikajaribu kujishawishi kwamba Songea hakuna milima mingi. Nikaona aibu kwa wazo hilo.

Nilifika kwa Kapinga kabla ya mnunuzi. Alikuja baba mmoja mnyenyekevu, ana shati la kunyooshwa kwa pasi, akaniambia bila kuulizwa kwamba ana watoto wanne na anawapeleka shule kwa pikipiki. Kapinga alinitazama mimi. Nikamgeukia yule baba, Benno. Nilisema, "Naitwa Yustina. Gari hili ni mawili yaliyounganishwa. Aliyeliunga ni kaka yangu, ameshafariki. Alikuwa fundi mzuri, na hapa alikosea. Tafadhali usiwapandishe watoto wako." Yule baba aliinama mlangoni. Alifunua zulia, akatazama, akanipa mkono kama watu wanavyopeana msibani, akaenda zake stendi.

Kapinga alisubiri mpaka yule baba alipotokomea. Akaniambia, "Umemzika kaka yako mara ya pili." Nikaondoka na neno hilo. Mpaka leo ninalo.

Maneno yalizagaa, unaijua Mbinga. Sokoni walinyamaza nilipopita. Watu walioridhika na kazi zako miaka yote wakaanza kuleta magari yao kwa Hyera wakitaka yakaguliwe, na Hyera, Mungu ambariki, aliyakagua yote bure, moja moja, anafunua kila zulia. Hakukuta jingine. Ni lile tu. Aliponipigia simu kunieleza nilikuwa darasani, nikawaambia watoto wafungue kitabu ukurasa wowote, nikatoka nje nikalia. Gari lenyewe, kwa hofu ya polisi, Kapinga alilikata akauza vipande.

Mama nilimweleza mwenyewe, asije akalisikia kisimani. Alikaa siku mbili hasemi nami, akipokea dawa tu mkononi mwangu. Siku ya tatu, akiwa anaanika dagaa, akasema bila kunitazama, "Alikuja hospitali mikono imeungua. Nilimuuliza, akasema ni chuma. Sikuuliza chuma gani." Akaendelea kuanika. Baadaye akaniambia nisiache kutafuta gari, lakini lisilonunuliwa kwa haraka.

Sasa nikwambie nililochagua, ukasirike ukitaka. Nimenunua toleo la tatu. Hiyo kompyuta yenye matairi. Ni la muuguzi mmoja aliyehamishwa, amelitumia peke yake tangu lishuke bandarini, na karatasi zote za matengenezo anazo. Hyera alililalia chini kwa niaba yako. Mimi niling'oa viti. Kisha tukashuka nalo mlima uleule, na kwenye kona ileile nikabana breki kwa nguvu makusudi. Kanyagio likatetemeka chini ya mguu wangu, nikadhani ndiyo tumekwisha, lakini gari lilinyooka likasimama. Hyera akacheka akasema ndivyo lilivyoundwa, linajizuia lenyewe tairi zisijifunge zikateleza. Lina mifuko ya hewa mpaka pembeni anapokaa Mama. Vipuri ni vya kusubiri, hapo ulisema kweli. Kuhusu mengine ulikosea, na nimefurahi kukwambia hivyo, kwa sababu kwa miezi kadhaa sikuweza kusema neno "ulikosea" bila kuiona sakafu ile.

Hasira imepungua, haijaisha. Siku nyingine namfunga Mama mkanda nikikushukuru kwamba yuko hai. Halafu namkumbuka yule baba wa Songea na shati lake la kunyooshwa. Mawazo hayo yote mawili huja pamoja, nami nimeacha kuyatenganisha.

Mwanao Otilia alikuja likizo. Shuleni walikuwa wamemwambia. Aliniuliza tukiwa wawili garini, "Shangazi, ni kweli Baba aliwaunganishia watu gari bovu?" Nilisogea pembeni ya barabara, nikazima injini, nikamweleza yote, pamoja na wiki ile na sisi tuliopiga simu. Aliniuliza tena kitu kimoja tu, kama ulikuwa unaogopa. Nikamwambia nadhani ndiyo, na ulikuwa peke yako.

Kaka, pumzika sasa. Mama nitampeleka kliniki kila tarehe yake, hiyo niachie mimi. Na Otilia akitimiza miaka ya kupata leseni nitamfundisha kuendesha kwenye milima hii hii. Akiuliza habari zako nitamwambia ukweli wote, mzuri na mbaya, ili asije akalazimika kuupata kwa mtu mwingine.

Mdogo wako,
Yustina