Mama Alichambua Mahindi ya Labo

Mama Adelaïde mupendwa,

Naomba msaada wako hapa gazetini, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kucheka, maana rafiki yangu Symphorien nilipomueleza alicheka mpaka akashika ukuta, na shauri lake lilikuwa moja tu: «Hubert, hama.»

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Goma, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mwenye tumbo linaloingia darasani mbele yangu, na ninafundisha watoto mito na milima ya dunia nzima lakini njiani napotea bado. Muke wangu anaitwa Kavuo, mutoto wa wafanyabiashara wa Butembo, ila yeye hakufuata ndugu zake kwenye duka na malori, alifuata kuvu. Ndiyo, Mama, kuvu, ile ukungu ya pinki, ya kijani na nyeusi inayokula mahindi, ngano na mtama, shambani mpaka kwenye akiba. Na haichunguzi kwa macho tu. Punje zinasagwa, halafu anatoa ndani ya unga ule kitu wanaita ADN, ao DNA, alama ndogo sana ambayo kila kiumbe kinabeba bila kujua na ambayo inakisaliti, hivyo kuvu hata ikijificha katikati ya punje Kavuo anaiita kwa jina, na anasema kama ni ya aina inayotoa sumu ya kuharibu ini. Nimezoea. Kwetu mkate ukiota ukungu hautupwi mpaka Kavuo ausalimie kwanza.

Mama yangu, Mama Pétronille, ni mulimaji wa Muheto, kule Masisi, wa maharagi na muhogo na mahindi kidogo. Tulipooana hakumutaka Kavuo. «Mutoto wa duka hajui lungo la kupepetea,» alisema, «atakulisha biskwiti.» Miaka mingi wale wawili walisalimiana kama mabalozi, kwa heshima nyingi na maneno machache, na mimi katikati nikitafsiri kimya cha huyu kwa huyu. Ukumbuke hilo, maana njo linanifunga kinywa leo.

Kabla ya Pasaka Kavuo alienda Buleusa, kule Walikale, kutafuta mahindi ya kazi yake. Hiyo njia unaijua, leo imefunguka, kesho imefungwa, na hakuna anayekueleza kwa nini. Kila shamba alitwaa punje bila kuchagua, nzuri na mbaya pamoja, kwa sababu hiyo njo kazi yenyewe, ukitwaa nzuri tu umejidanganya. Akaziweka kwenye mifuko ya karatasi, kila shamba na mufuko wake. Wamama wa kule walimupa kwa moyo mukunjufu, watoto wao wanakunywa uji wa mahindi yale na matumbo yanawauma, wanataka kujua kama chakula chao njo kinawaumiza.

Kurudi, mvua ikakata njia, motari, yule wa pikipiki, akakataa kuendelea, Kavuo akafikia Muheto kwa mama. Alipokelewa vizuri kuliko siku zote. Kesho yake akatoka kutembelea mashamba ya majirani, akaacha mifuko nyumbani.

Sasa unisikilize. Kwetu, mukamwana, muke wa mutoto wako, hatoki kwa mavyala wake na mahindi mbaya. Unamufungia yale bora, na unayachambua mwenyewe kwa mukono wako, kwa sababu huko anakoenda watu watafungua mufuko wake, na hapo watajua kama alipendwa ao alivumiliwa tu.

Haya nimeyajua juzi, mama alipokuja Goma kuangaliwa macho. Kavuo alikuwa kwenye kazi, mama ananywa chai, akaniuliza polepole, kama mutu mwenye kidonda:

«Muke wako hakukuambia kitu?»

«Kitu gani, mama?»

«Juu ya mahindi. Nilifungua ile mifuko yake, Hubert. Takataka. Watu wa Buleusa walimuzarau mutoto wa wenyewe. Nikatwaa lungo, nikachambua mufuko mumoja mumoja, nikatoa yote yenye kuoza, nikarudisha nzuri pahali pake, nikafunga vile alifunga. Sikuchanganya hata mumoja. Miye si mutu wa fujo.»

«Na mbaya uliitupa?»

«Mbaya haitupwi. Niliiweka pamoja na ingine, ya pombe. Lakini yeye aliondoka tu, merci hakuna, hata asante moja. Nikasema, labda kwao Butembo hawashukuru.»

Mama Adelaïde, nilimumiminia mama chai mpaka ikajaa kwenye sahani. Kwa sababu majibu ya labo, kule Kavuo anapimia punje, yalikuwa yameshatoka. Kavuo aliporudi kutoka Muheto malaria ilimulaza, wenzake njo walifungua mifuko na kusaga, yeye hakuona punje hata moja, aliona matokeo tu, na siku ile aliingia nyumbani akiimba. «Hubert, kule shambani niliona magunzi yamevaa ukungu kama koti, na ndani ya punje karibu hakuna kuvu. Ile mbegu ya Buleusa inajua kujikinga.» Akanizungusha jikoni, na unajua mimi sizunguki kirahisi.

Jumamosi hii, kwenye sale, ukumbi wa parokia, atasimama mbele ya wajumbe wa walimaji wa Masisi na Walikale awaambie kwamba mbegu ile ina nguvu, waitunze, waipande, waile bila wasiwasi. Mama naye atakuja. Amejialika. Na atavaa kitenge kipya, maana siku ile ya chai nilimujibu: «Alishukuru sana, mama, alisahau kukuambia,» halafu nikakimbia sokoni nikanunua kitenge nikamupa kwa jina la Kavuo. Uongo wa kwanza ulikuwa mutupu, wa pili ulikuwa na maua ya zambarau.

Nikisema, Kavuo anapoteza furaha ya mwaka muzima, na mama anapoteza mukamwana aliyechelewa sana kumupata, maana kuchambua ile mahindi njo mara ya kwanza alimupenda kwa mikono. Nikinyamaza, sijui. Labda hakuna atakayejua. Kila asubuhi nafungua kinywa nimueleze muke wangu, na kinachotoka ni: «Chumvi iko?»

Nifanye nini? Ubadilishe majina, nakuomba.

Mwalimu wa Goma


Ndugu yangu mwalimu,

Majina nimebadilisha. Lakini Kivu nzima hii unafikiri tuna mavyala wangapi waliochambua mahindi ya labo? Kavuo akisoma mistari michache tu atajua ni nani anamuuliza chumvi kila asubuhi. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa simu Jumatatu, ulisome kabla ya yeye kulisoma.

Kwanza nikupe pole, na pole hii ni ya kweli. Wewe si mutu mubaya. Wewe ni mutu anayependa wanawake wawili na anafikiri kuwapenda ni kuwazuia wasijuane. Mama yako hakukosa, alifanya kile mama muzuri wa Muheto anafanya, na kama mavyala wangu angenichambulia hata kikombe kimoja cha maharagi ningetembea nacho kwenye soko kukionyesha. Kavuo naye hakukosa, ila siku ingine asiache kazi yake chini ya dari ya mavyala bila kusema neno. Hilo mutalicheka pamoja baadaye, si leo.

Wewe njo umekosa, na unajua pahali. Umeandika «labda hakuna atakayejua». Futa hayo maneno. Tumbo la mutoto wa Buleusa litajua. Wale wamama hawakumupa muke wako zawadi, walimupa swali: chakula chetu kinatuumiza ao hapana? Sasa Jumamosi anaenda kuwajibu «mukule bila wasiwasi», na hajui kama ni kweli, na wewe unajua kwamba hajui. Hiyo si siri ya nyumba tena. Umeniandikia kurasa kuhusu furaha ya Kavuo na kitenge cha mama, na watoto umewapa mustari mumoja.

Tena unafikiri unamulinda muke wako. Unamulinda na nini? Mahindi yale watayapima watu wengine siku moja, na watakuta kuvu imejaa, na watauliza ni nani huyu alisema haiko. Aibu ya leo, jikoni, mbele ya mume wake, ni ndogo. Ile ingine itamufuata na jina lake. Na hiyo nikiwa sijasema juu ya mama, ambaye atakuwa ndani ya sale na maua yake ya zambarau. Wewe unaamini Mama Pétronille atasikia mahindi ya Buleusa yakisifiwa mbele ya watu na akae kimya? Mama aliyesubiri shukrani tangu Pasaka? Atasimama, mwalimu. Atasema «miye njo nilichambua», na atasema kwa furaha, na muke wako atayajua hayo akiwa mbele ya watu na karatasi mukononi.

Basi fanya hivi. Leo jioni akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie. Usianze na «kuna kitu kidogo», si kidogo. Usianze na mama. Anza na wewe: «Kavuo, nimejua kitu juu ya mahindi ya Buleusa na nimenyamaza, na nimekosa.» Halafu mueleze yote, na lungo, na mifuko, na kitenge. Kitenge usikiruke, wanaume munapenda kuruka kitenge. Akikasirika, mwache akasirike, usimufuate chumba kwa chumba ukiomba akusamehe haraka ili wewe upumue. Akilia, kaa karibu. Akicheka, na nafikiri mwishowe atacheka, wewe usimutangulie.

Mama mwachie Kavuo. Wewe umeshatafsiri vya kutosha, na ulitafsiri vibaya. Amupigie simu yeye mwenyewe, amushukuru kwanza, shukrani ya kweli, maana kazi ya mapenzi ilifanyika hata kama ilifanyika juu ya mahindi ya kazi. Kisha amueleze kwa nini alihitaji na zile mbaya. Mama anayejua kutenga punje mufuko kwa mufuko bila kuchanganya hashindwi kuelewa neno hilo. Na katika simu hiyohiyo amuombe ile mbaya isiingie kwa pombe, wala ile aliyozoea kuiweka kila mwaka. Hapo umepita haraka sana kwenye barua yako, utafikiri pombe haiko na mutu anayeinywa. Hata kuku wasiipate. Waizike.

Mimi na biolojia tuliachana shuleni bila kuagana, kwa hiyo hili nalisema kwa woga. Umesema kabla ya lungo mahindi yalikuwa na ukungu mwingi, na baada ya lungo labo haikuona karibu kitu. Hiyo si habari ya mbegu. Lakini inaweza kuwa swali juu ya lungo, na Kavuo njo atasema kama ni swali la maana. Akitaka kulifuata, arudi Buleusa njia ikifunguka, atwae mahindi upya, nusu ichambuliwe, nusu isiguswe, na anayeichambua nusu ile munamujua. Asipotaka, usimusukume. Usijaribu kumufariji kwa kumwambia bahati mbaya hii ni bahati nzuri. Hiyo ni kazi yake kuiona, wewe kazi yako ni kuosha vyombo wiki hii.

Jumamosi kikao kisifungwe. Watu watatembea siku mbili kuja, na asimame awaambie hivi: mahindi niliyopima yalikuwa yamechambuliwa, sikujua, kwa hiyo bado sijui kama mbegu yenu ina nguvu. Kwa sasa punje yenye ukungu, yenye rangi, yenye kukunjamana, isiingie kwa uji wa mutoto, nitarudi nipime tena. Ni maneno machache, hayana kuimba ndani yake, na baadhi ya watu wataguna. Lakini walimaji wanamujua mutu anayesema «sijui», na mbegu wanamupa tena.

Na wewe siku hiyo usijifiche nyuma karibu na mulango kama mwalimu anayengoja kengele. Ukae safu ya mbele kabisa, mama yako mukono wa kushoto, kiti cha kulia kikiwa wazi kwa Kavuo akishuka.

Mama Adelaïde