Siku Baba Mkwe Alipokanyaga Breki

Jumamosi, Kisondela. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kuondoka, na mimi naandika kwa jicho moja. Lingine nimelifunika kwa kitambaa cha pamba. Linawasha, lakini linaona. Mganga wa zahanati amesema linaona, na mimi mwenyewe nimelijaribu kwa kusoma tarehe za kalenda ukutani.

Nimechoka na nina furaha, na sijui nianze na lipi.

Nianze na gari.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, nina kibanda cha kushonea Tukuyu mjini. Tangu mwaka juzi mimi na mume wangu tumehamia huku, kwenye kiwanja cha wazazi wake, ili Mama mkwe asihangaike peke yake na mguu wake mbovu. Mume wangu anaendesha lori la kwenda Zambia, watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi tunabaki watatu: Mama, Baba na mimi. Nyuma ya nyumba yao kuna banda la mabati, na ndani ya banda kuna Landrova ya Baba. Alibebea ndizi kutoka Lupepo kwenda Tukuyu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa miaka kumi na mmoja haijasogea hata hatua moja.

Miezi mitano iliyopita niliingia bandani kupima kiti chake cha mbele. Nilitaka kukiomba nikiweke kibandani kwangu, wateja wakikalie. Nikakaa mbele ya usukani ili nipime vizuri. Sijui kilichonipata. Usukani ni mwembamba na mpana kama ungo, na umelainika pale ambapo mikono ya mtu mmoja imeushika miaka yote. Nilipotoka sikutaka kiti tena. Nilitaka gari zima.

Tatizo lilikuwa namna ya kuliomba.

Kwa mila ya zamani ya sisi Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawaongei ana kwa ana. Wengi wameshaacha, na rafiki zangu wa mjini wakisikia wanacheka hadi wanashika mbavu. Lakini Baba hajaacha, na mimi nilikubali tangu naolewa. Haina chuki hata kidogo. Ni heshima, ndivyo alivyofundishwa, na anaishika kama wengine wanavyoshika kwenda kanisani. Miaka kumi na sita ya ndoa, namjua baba mkwe wangu kwa mgongo, kwa kofia na kwa sauti.

Kwa hiyo nilimtuma Mama. Baba hakujibu siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Asubuhi ya nne nilifungua mlango wa jikoni nikakuta sanduku la spana limewekwa kizingitini, limefutwa vumbi.

Ndivyo nilivyoanza.

Anayenifundisha hasa ni Fundi Sudi, mwenye gereji karibu na kibanda changu. Anakuja kila Jumamosi baada ya kahawa yake ya asubuhi. Mwezi wa kwanza nilikuwa balaa. Nilifungua kabureta nikaweka vipande vyote kwenye bakuli moja, nikaifunga, ikabaki springi moja ndogo mkononi. Fundi Sudi aliitazama ile springi, akanitazama mimi, akasema, "Dada, wewe ukishona suruali mguu mmoja ukabaki mezani, unampa mteja?" Nikafungua upya. Nilikata nati tatu kwa kulazimisha. Nilijimwagia oili chafu kichwani siku moja kabla ya ubatizo wa mtoto wa jirani.

Na Baba alikuwa ananifundisha pia, kwa njia yake. Anakaa barazani, amelipa banda mgongo, anaongea na Mama kwa sauti ya kufika hadi kwangu. "Mwambie mkwe hiyo nati asiilazimishe. Aipake mafuta ya taa, ailaze, kesho itafunguka yenyewe." Yeye penye r huweka l, kama wazee wengi wa huku, kwa hiyo mimi sasa najikuta kichwani nasema gali, bleki, kabuleta. Kila alichosema kilikuwa kweli. Lakini bandani hakuingia. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Sikujua yote.

Leo ilikuwa siku ya breki. Injini iliwaka wiki mbili zilizopita, nililia kama mtoto. Fundi Sudi akanionya kwamba gari linalowaka na halisimami ni hatari kuliko gari bovu. Tumebadilisha mipira yote ya breki na kutia oili mpya ya breki. Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo uliobaki kwenye mabomba. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedeli na kuishikilia, mwingine yuko chini anafungua kinati kidogo nyuma ya gurudumu, upepo unatoka na oili kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa, anakifunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla hakijafungwa, upepo unarudi wote ndani.

Saa tatu Fundi Sudi akapiga simu. Wamefiwa, yuko njiani kwenda Kyela. "Subiri wiki ijayo, dada."

Nikiri hapa: sikutaka kusubiri. Hakukuwa na haraka yoyote ila yangu. Nilikuwa nimeshavaa ovaroli na nimeshaweka mawe kwenye magurudumu.

Nikamwomba Mama akanyage. Alipanda kwa taabu, akajaribu mara mbili, mguu wake ukakataa. Akashuka, akasimama mlangoni mwa banda, akamwita mumewe kwa jina lake, jambo ambalo halifanyi.



Nilikuwa nimeshalala chini ya gari, juu ya gunia, kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Niliona mabuti yake yakija, yakasimama kizingitini. Yalikaa pale muda mrefu. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini sana, "Mimi pedeli hii siigusi tena, mama. Unajua."

Mama akasema, "Najua. Panda."

Ajali ya miaka kumi na mmoja iliyopita nilisimuliwa tu. Baba na Mama walikuwa wanatoka Lupepo na mzigo wa ndizi, kwenye mteremko wa mashamba ya chai breki zikakatika, akaligongesha gari kwenye ukingo wa barabara ili lisiende bondeni. Yeye alitoka mzima. Mguu wa Mama ulivunjika sehemu mbili. Tangu siku ile hajaendesha chochote. Haya yote nilikuwa nayajua, na bado asubuhi ya leo sikufikiria kwamba namwomba mtu huyu aweke mguu wake pale pale.

Mabuti yakasogea. Gari likainama kidogo upande wa dereva. Amepanda.

"Mama, mwambieni Baba akanyage," nikasema.

"Anasema kanyaga," Mama akasema.

"Mwambie nimekanyaga."

"Amekanyaga."

Nikafungua, oili ikatoka na mapovu. "Mwambieni ashikilie kwanza, bado naf..."

"Anasema achia," Mama akasema, maana hasikii vizuri sikio moja.

Akaachia. Upepo wote ukarudi ndani, nikasikia chupa yangu ikinyonywa. Tukaanza upya. Mara ya tatu ikatokea tena. Mama akapiga kofi bodi ya gari. "Ongeeni wenyewe! Mimi nimechoka kuwa simu."

Nilikuwa natazama chuma juu yangu, na nilijua kwamba juu ya chuma hicho kuna mtu anatazama ukuta wa banda. Tulikuwa hatuonani. Kwa hesabu yoyote ya mila tulikuwa hatuonani. Hata hivyo moyo ulinienda mbio kama naomba kazi.

"Baba," nikasema. "Naomba mkanyage."

Kiti kikalia juu yangu.

"Nimekanyaga, mkwe."

Hapa nimeacha kuandika, nikaisoma sentensi hiyo mara mbili kwa jicho langu zima. Miaka kumi na sita.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Kanyageni. Nimekanyaga. Shikilieni. Nimeshikilia. Achieni. Hatukuongeza neno. Gurudumu la nyuma kushoto, la nyuma kulia, la mbele kushoto. Kwenye la tatu aliongeza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayegusa kitu asichokiamini: "Imeanza kukataa. Inasukuma mguu." Nikasema ndivyo inavyotakiwa, Baba. Akasema, "Najua inavyotakiwa," na nikasikia Mama akicheka.

Furaha ndiyo iliyoniponza. Kwenye gurudumu la nne sikuuchomeka mpira vizuri. Akakanyaga, nikafungua, mpira ukaruka, oili ya breki ikanipiga jichoni.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka mlango wa gari, kisha mikono imeshika miguu yangu, ikanivuta nje na gunia langu. Mkono ukaingia chini ya kichwa changu. Maji ya baridi ya pipa la mvua yakaanza kumiminwa usoni kwangu, jagi baada ya jagi, na kidole gumba kikali kama msasa kikalifungua jicho nililokuwa nalibana kwa nguvu zote.

"Usifumbe. Usifumbe, mwanangu. Tazama juu. Nitazame mimi."

Nikamtazama.

Ana nyusi nyeupe kabisa, zimesimama. Ana kovu dogo kidevuni. Macho yake ni ya mume wangu, yale yale, ila yalikuwa yamejaa hofu, na maji yalikuwa yanamtiririka naye, sijui ya mvua au yapi. Hakuniachia hadi pipa lilipofika nusu.

Nilipoweza kukaa, tulikaa wote watatu kwenye matope mbele ya banda. Mama alikuwa amefika kwa kuegemea ukuta. Nikataka kujifunika kanga usoni, nikagundua nimevaa ovaroli. Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema, akitazama chini, na hakuwa anasema na mimi:

"Ilikuwa laini wiki nzima. Ile pedeli. Nilijua. Nilikuwa naipampu, naikanyaga na kuikanyaga tena ndipo ishike. Ndizi zilikuwa zimeshakatwa, nikasema nimalize mzigo kwanza. Sijawahi kukuambia."

Mama alimfuta matope begani, taratibu, kama anayemwandaa kwa safari.

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako wiki nzima," akasema. "Unadhani sikuuona mguu wako ukipampu? Na mimi nilinyamaza. Nilitaka kufika sokoni mapema."

Sikutakiwa kuwepo pale. Lakini nilikuwepo, na hakuna aliyenifukuza.

Bodaboda akanipeleka zahanati. Mganga akalisafisha jicho, akalipima, akasema maji yale mengi ya mwanzo ndiyo yaliyoniokoa. Amenipa dawa ya matone, mara nne kwa siku. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia natengeneza breki. Akauliza za pikipiki? Nikasema za Landrova. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui aliandika nini.

Niliporudi, gurudumu la nne lilikuwa bado lina upepo kwenye bomba lake la breki, na Baba alikuwa ameshalitolea maamuzi: Jumatatu mimi nitakanyaga, yeye ataingia chini. Nikakataa, umri wake na baridi hii. Akasema yeye amelala chini ya gari hilo kabla mimi sijazaliwa. Tukabishana, mimi upande huu wa karo la kuoshea vyombo na yeye upande ule, hadi Mama akatuambia ndizi zinaungua. Mume wangu nimempigia simu, yuko Tunduma kwenye foleni. Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo mmeongea?" Nikasema tumeongea. Akauliza tena.

Najiuliza kama nimevunja kitu leo, au ni sisi wawili tumekivusha. Sitaki kujidai najua. Labda kesho kanisani Baba atakaa upande wake na kutazama mbele kama siku zote, na nitaelewa, na sitaumia. Ninachojua ni kwamba sitashika tena spana kwa haraka zangu wakati mtu mwingine amekaa juu yangu akibeba woga wake. Hilo nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Kuna jambo moja limebaki. Matone haya siwezi kujitia mwenyewe, ya mchana yote yaliishia shavuni. Mikono ya Mama inatetemeka. Baada ya chakula nilimsikia Baba barazani akimwomba Mama kile kichupa, akakishika karibu na taa, akawa anajifunza kudondosha tone moja moja kwenye kijiko.

Sasa anauliza kama saa moja imefika. Imefika. Anakuja, namsikia anasafisha matope ya mabuti nje, anagonga.

Ngoja niweke simu chini, nimfungulie mlango.