Kofia Iliyochuna Chai Bila Mimi

Alhamisi, msimu wa mvua, 1972

Leo kumetulia. Mawe ya mvua ya jana bado yako chini ya michai, meupe kama chumvi ya ng'ombe, na kambi yote inanukia majani yaliyopondwa, utafikiri kiwanda kimehamia nje.

Niandike kwanza jambo lililo wazi. Kutoka hapa Kiptere mpaka Fort Ternan hakuna mtu mwenye bahati kunishinda mimi Zakayo. Mungu alipokuwa akigawa usingizi, mimi nilikuwa nimesafiri. Nimefanya kazi ya reli, nimempikia Mzungu Nakuru, nimekula biriani Mombasa, na kote huko sijakutana na mwanaume mwenye mwili kama huu. Wengine wakichuna chai mchana, jioni wanatambaa kitandani. Mimi jioni naenda kiwandani kumshikia mtu zamu. Jana mvua ya mawe ikapiga watu mpaka wakaota nundu. Mimi nilikuwa chini ya majani, nimejilaza kama chifu. Halikunigusa hata jiwe moja.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu jana pale kwenye mizani, na wakacheka mpaka nyapara akacheka.

Sasa niko peke yangu nyumbani. Rasoa, mke wangu, amekwenda kuchuna. Dresa wa dispensari amenikataza kazi. Kitanda kiko pale, blanketi limetandikwa, na mimi nimekaa kwenye kiti nikikiangalia kama mtu aliyeona nyoka.

Naogopa kulala.

Huku kwetu kila mtu ana mstari wake wa kuchuna, na fimbo ndefu nyembamba. Unailaza juu ya mchai, unachuna tu yale majani yanayochungulia juu yake, kisha unaisogeza. Nyapara akisimama barabarani haoni miguu ya mtu. Anaona kofia na fimbo. Basi mimi, mtu wa darasa la sita lakini profesa wa dunia, nikavumbua dawa. Unaacha kofia juu ya mchai, fimbo mbele yake, halafu unaingia chini. Chini ya chai iliyokomaa ni nyumba kabisa, kuna giza na hakuna anayekuona. Unapumzisha kope. Jirani yako akisonga mbele anasogeza kofia yako na fimbo yako, anakuchunia kidogo. Ukiamka unawakimbilia.

Anayenisogezea ni Kiprotich, rafiki yangu, mtu wa Merigi. Wanawake wameshaibatiza ile kofia. "Leo Bwana Kofia anachuna vizuri kuliko mwenyewe!" wanasema, na nyapara wetu maskini anaandika tu kwamba Zakayo yupo.

Na kwa nini mtu asiyehitaji usingizi apumzishe kope? Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nashukuru, kwa sababu sikuwa na jibu.

Msimu huu majani yamekuwa mengi, kiwanda hakizimwi usiku. Mtu akija akasema, "Zakayo, mke amejifungua, nishikie zamu ya usiku," nasema nenda, ukamsalimie mtoto. Mwingine ana matanga kwao, nasema nenda. Mara ya kwanza nilitania kwamba mimi silali. Wakaamini. Sasa nimekuwa kama daraja, kila mtu anapita juu yangu na kusema asante, na daraja linawezaje kusema limechoka?

Chakula nacho ni vilevile. Rasoa ananifungia ugali na mboga ya mrenda. Nikifika shambani naona mama ananyonyesha na hajala kitu, nampa. Nampa kwa kelele, mstari mzima usikie. "Kula, mama! Zakayo anaendeshwa na turungi!" Halafu nakunywa turungi yangu, chai kavu isiyo na maziwa, nyeusi kama viatu vya polisi. Inashika mikono, mikono inatetemeka, mimi nasema ni nguvu zinataka kutoka.

Jana nilikuwa nimetoka kiwandani moja kwa moja. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa msitu. Nilikuwa nachuna vizuri tu, na nilijisikia vizuri, nikasikia hata utamu, kama mtu anayeingizwa kwenye maji ya moto.

Sikuvua kofia jana. Ilitoka yenyewe.

Magoti ndiyo yaliyoondoka kwanza. Nikashuka katikati ya michai, kikapu kikanijia shingoni, na kofia ikabaki juu, fimbo mbele yake, kila kitu mahali pake kama siku zote.

Nilisikia yote. Nilimsikia Kiprotich akicheka. "Bwana mkubwa ameshaingia kwake!" Nikasikia mama mmoja akisema, "Mwacheni, jana alikuwa kiwandani." Walisema kwa upendo. Fimbo ikakwaruza majani juu yangu, ikasogea. "Haya, Bwana Kofia, twende kazi!" Sauti zikaenda mbele, zikapungua, zikaisha.

Nilitaka kuita. Mdomo ulikuwa mzito kama umejaa ugali baridi. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje kwenye njia, niliuona, nikauambia ujikunje. Ulikataa. Mkono wangu mwenyewe!

Kisha mawe yakaja.

Mtu ambaye hajalala chini ya chai mawe yakinyesha hajui kelele. Majani yalikatika yakaniangukia usoni, mabichi, yananukia kazi. Nilifikiria Kageha, binti yetu, atakavyoambiwa. Nilifikiria kwamba watu wote wamekimbilia kibanda cha mizani na hakuna atakayenitafuta, kwa sababu kofia yangu iko nao. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wasinitafute. Nimewahi kuona garimoshi likitoka kwenye reli na sikuogopa hivi.

Ya kibandani Rasoa amenihadithia. Kiprotich alifika akikimbia, amevaa kofia yangu juu ya kofia yake, anacheza. Watu wakapiga makofi. Rasoa akamwangalia.

"Kofia iko hapa," akasema. "Kichwa kiko wapi?"

"Kiko kwake chini, shemeji. Huyo hapigwi na mawe."

"Mimi nalala na huyo mtu, Kiprotich. Mawe yakilia hivi hata maiti angeamka."

Akajifunika gunia kichwani akatoka. Kiprotich akamfuata, kofia zote mbili zikaanguka kwenye matope. Walinipata kwa ule mkono.

"Baba Kageha, mchezo umetosha. Toka," akasema Rasoa. Halafu akainama akaona macho yangu yako wazi. Hakusema tena. Nimeoana na huyu mama kwa sababu anasema sana, na jana alinyamaza.

Walinifunika, wakanisugua, nguvu zikarudi kidogo kidogo. Tulipofika kibandani watu wote walikuwa wamesimama, wameniangalia kama jeneza linaingia kanisani. Sikuweza kuvumilia zile sura. Nikapandisha kifua. "Mnaogopa nini? Nilikuwa kwangu! Nyinyi ndio mmepigwa!" Wakacheka. Kiprotich alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akanishika bega.

"Kwa hivyo kesho bado utanishikia zamu ya kiwandani? Nikamwone mama?"

Mama yake ni mgonjwa huko Merigi.

"Nenda," nikasema. "Mimi silali."

Rasoa aliangalia pembeni.

Asubuhi ndiye aliyenivuta mpaka dispensari. Dresa alinifunua kope, akanisikiliza kifua, akamwuliza Rasoa nakula nini. Rasoa akasema, "Sifa."

"Hata injini ya kiwandani huzimwa Jumapili," dresa akaniambia. "Wewe ni injini gani?"

"Ya Kiingereza, daktari."

Hakucheka. Akasema jana nimeanguka kwenye chai, sawa, majani ni laini. Lakini kiwandani kuna rola, ile mashine ya kusaga majani, na rola haijui mzaha. Nikiangukia pale watanipakia kwenye masanduku na wenzangu wa Ulaya wataninywa. Hapo mimi ndiye niliyetaka kucheka, nikashindwa. Akasema nile kabla ya kazi, maharagwe, mboga, maziwa, si turungi kwenye tumbo tupu. Nifanye kazi ya mtu mmoja. Usiku nilale kitandani, kwa shuka, kama Mkristo.

Maharagwe nimekula. Yamebaki tumboni yakishangaa.

Lakini kitanda kinanishinda. Jana ilianza kwa utamu uleule, na nitajuaje huu ni usingizi au ni ile hali nyingine? Nikifumba macho nasikia fimbo ikikwaruza juu yangu, inakwenda.

Kuna mtu anapiga mluzi huko nje. Ni Kiprotich. Nimemwona dirishani, amevaa koti la safari, na amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, lazima ni cha kuniomba radhi. Naacha kalamu.

Nimerudi.

Aliweka kibuyu mezani, akaanza ile hadithi ya jana, namna nilivyowapumbaza wote. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia zamu yake ya leo siwezi.

"Lakini ulisema."

"Nilisema."

"Na mama?"

"Utakwenda kwa mama. Rasoa akirudi tutazunguka na wewe nyumba kwa nyumba mpaka apatikane mtu. Nitaomba mimi mwenyewe, hata kwa magoti. Lakini mtu huyo si mimi, Kiprotich. Jana sikujificha."

 Akakaa kwenye kile kitanda ninachokiogopa, koti lake bado limefungwa vifungo.

"Nilikusikia ukianguka," akasema. "Nikasema, leo ameshuka kwa kishindo. Nikasogeza kofia."

Sikuwa na mzaha wa kumpa. Nilitafuta, na haukuwepo. Nikamimina mursik kwenye vikombe viwili, tukanywa. Sasa ameketi mlangoni anamngojea Rasoa, na ameniambia nilale, yeye atakuwa ananiita jina kila baada ya muda, na nisipoitika ataingia.

Nitajaribu. Moyo unapiga kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo. Mawe yalinipiga, mkono huu umevimba ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Na mimi nahitaji usingizi kama mtu yeyote. Nilianguka kwa sababu nimechoka, na nilikuwa nimechoka siku zote nilizosema sichoki.