Nilificha Mabwawa ya Shemeji

Mpendwa Shangazi Kemuma, naomba msaada wako maana nimefika mwisho. Mimi ni katibu wa akina mama kanisani kwetu huku Migori, na mwaka huu tuliapa hatutapigia mtu kura kwa sababu ya ukoo wala leso za kampeni, tutaangalia nani atauponya mto, kwa sababu wasafisha dhahabu wameujaza zebaki na maji hayo hayo ndiyo tunayowapikia watoto uji. Nikatumwa nisome ahadi za wanaotaka uwakilishi wa wadi, nizilinganishe kwenye karatasi ya manila, niibandike ukutani. Wako watatu. Mmoja ameahidi kulinda mikoko, Shangazi, mikoko ya baharini, ni wazi amenakili karatasi ya watu wa Pwani. Wa pili, Maroa, ameandika kwamba atahamisha mitambo yote ya dhahabu iwe mbali na mto, nikafurahi, nikamfuata sokoni nimwulize lini, akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo niliandika tu. Nikigusa dhahabu, nani atanichagua?" Wa tatu ni Cephas, kaka mkubwa wa mume wangu, ameahidi miti elfu kumi na visima, na mabwawa ya kusafishia dhahabu yanayomwaga zebaki mtoni ni yake, ila watu wanadhani ni ya wageni kwa kuwa kibao langoni kina jina lingine. Mume wangu ndiye msimamizi wa mabwawa hayo, na nyumba tunayolala iko kwenye shamba la Cephas. Jumapili iliyopita nikasoma, ya mikoko wakacheka, ya Maroa na jibu lake la sokoni wakaguna, nilipofika kwa shemeji nikataja miti na visima nikanyamaza, wakapiga makofi, wakakubaliana kura zote mia mbili ziende kwake. Nikamwambia mume wangu nataka kurekebisha, akasema, "Ukilisema hilo kanisani, usirudi hapa." Kura ni wiki ijayo. Nikinyamaza nawapa wenzangu sumu, nikisema sina pa kulala, na hata nikisema sioni wa kuchaguliwa. Nimekata tamaa kabisa.

Mama Katibu

Mama Katibu, majina nimeyabadilisha. Pole, mwanangu. Mke anayetishwa kufukuzwa pamoja na watoto wake simcheki. Lakini umekosa, tena umekosa mara mbili. Wenzako walikutuma uwe macho yao, ukawarudishia nusu. Na Maroa alipokuuliza nani atamchagua, ulikuwa na akina mama mia mbili nyuma yako, ukageuka ukaenda zako. Mwanasiasa akiuliza swali kama hilo, hujibiwa.

Sasa sikiliza. Usisimame peke yako. Jumamosi nenda kwa mwenyekiti wenu wa akina mama, mweleze yote, umwombe akupe chumba wewe na watoto mpaka hasira za nyumbani zipoe. Jumapili, kabla ya matangazo, ongeza kwenye manila mstari mmoja wa mabwawa na mwenye mabwawa. Usitukane, usilie, usimwambie mtu ampigie nani kura. Wakikuuliza kwa nini ulinyamaza, waambie uliogopa, kwa sababu ndio ukweli.

Sitakudanganya kwamba mto utapona. Nimelinganisha hao watatu kama ulivyofanya, nami sijampata wa kuusafisha. Huenda wenzako, hata wakishajua, wakampa Cephas kura zao zote. Wampe. Lakini wampe wakijua ni nani anayewanywesha.