Amplifaya Iliyovaa Kitambaa

Ijumaa. Mawingu yametanda Vingunguti tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto tu limekaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Niko ndani ya gari, milango wazi, naandika kwenye simu. Sabufa zinaunguruma taratibu nyuma yangu, kiti kinatetemeka, mwili wote umelegea. Sijui niko macho au naota.

Kesho mdogo wangu Zuhura anaolewa. Kwangu ameomba kitu kimoja tu: gari langu litangulie msafara wa kumpeleka Kinyerezi kwa mumewe, na muziki usikatike mpaka mlangoni. "Braza, nikisikia kimya tu nitalia, mekapu yote kwisha," kaniambia. Nikacheka, nikaahidi.

Mie na mdomo wangu!

Maana wiki nzima amplifaya imenitesa. Inaanza vizuri, nikifika Tabata inachemka, taa nyekundu inawaka, sabufa zinanyamaza. Nimekaza nyaya. Nimepima betri. Waya unaoshika kwenye bodi ya gari nimeuweka mnene zaidi. Cha ajabu, nikisimama nikafungua buti kuikagua, inapoa na kuimba kama si yenyewe. Nikifunga buti, safari ikianza, inakufa tena. Nikaanza kuhisi kuna mkono wa mtu. Jamani, nilitaka hadi kuisomea dua.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nimefungua tena buti. Nikafanya kama kawaida yangu: nikatoa kitambaa, nikakikunja, nikakagua, nikapuliza vumbi, nikakirudisha kitambaa na kuzinyoosha pembe zake.

Mkono ukaganda hapo hapo.

Kitambaa! Kile cha kufuma, cheupe chenye maua ya pinki, alichonifumia Mama nilipoleta gari nyumbani. Kwetu redio haikai uchi. Televisheni ina chake, friji ina chake, hata deki iliyokufa zamani bado imevaa. Basi na mie, mtu mzima na akili zangu, kila nikimaliza kuitafutia ugonjwa amplifaya naifunika gubigubi, halafu nashangaa inapata homa.

Nikakitoa, nikaenda mpaka Kinyerezi na kurudi. Muziki haukukatika. Nikaigusa, vuguvugu tu. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu.

Lakini Mama nitamwambia nini? Macho yake siku hizi hayaufuati tena uzi, na hiki ndicho kitambaa cha mwisho alichofuma. Nikaingia nacho ndani nimekibana kwapani kama nimekiiba. Zuhura alikuwa kakaa mkekani, mikono juu, hina haijakauka. Nikamnong'oneza kisa chote. Akacheka mpaka machozi, kisha akakitazama.

"Nipe mie," akasema. "Kule kwangu hakuna kitu kilichovaa. Mama nitamwambia nimekuomba mwenyewe."

Yeye hawezi kugusa kitu na hina yake, kwa hiyo nimekiweka mie kwenye sanduku lake, juu ya khanga. Nikafunga kifuniko. Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba anaondoka kweli.

Nimerudi kwenye gari na sijatoka tena. Zuhura kesho hatalia, amplifaya imepona. Mie ndiye nisiyejiamini. Nitafungua sauti mpaka mwisho, nisijisikie nikilia.